Uganda haina bahari: aliyesomea modeli za bahari na ziwa atakula wapi?

#1 KijanaWaKyebando (Kampala)

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza hisabati na fizikia Makerere, sasa nimepata nafasi ya uzamili Ulaya. Fani ni modeli za biojiokemia ya bahari, yaani kuigiza kwenye kompyuta jinsi kaboni, naitrojeni, fosforasi na oksijeni zinavyozunguka majini: mwani unakula, mdudu anamla mwani, mabaki yanazama. Ada imelipwa. Kikwazo kiko nyumbani. Mjomba aliyenisomesha anauliza, nchi haina hata pwani, wewe unakwenda kusomea bahari ya nani?

Nikaanza kuchungulia. Waganda niliowakuta kwenye makala za fani hii, wengi wako nje na wanashughulika na Atlantiki. Na hapa nyumbani tuna Ziwa Viktoria, linaloweza kuzimeza Rwanda na Burundi kwa pamoja na nafasi ikabaki.

Nadai hivi: ukisomea kitu hiki, ama hurudi, ama unarudi na kubadili kazi. Anayebisha aje na mfano. Anayekubali anieleze sababu.

#2 BodaMwenyeDigrii (Wandegeya)

Jeshi letu lina wanamaji na sijasikia mtu akiuliza bahari iko wapi. Nenda mdogo wangu. Naweka kiti hapa, huu uzi utanoga.

#3 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Mimi ni mmoja wa hao uliowachungulia. Kwetu Masaka, kazi yangu Atlantiki ya Kaskazini.

Kwanza ujue unachokwenda kufanya, maana wengi wanadhani ni kupiga mbizi. Hutashika maji. Unagawa bahari kwenye visanduku, na kila kisanduku kina milinganyo: virutubishi vimepungua kiasi gani, mwani umeongezeka kiasi gani, nani kamla nani, nini kimezama. Modeli ya mtafiti Fasham ya 1990 ilikuwa na vyumba vinne tu, yaani vitu vinne inavyofuatilia. PISCES, modeli tunayotumia huku, inafuatilia vitu 24, kuanzia chuma hadi silika. Siku nyingi zinaishia kwenye programu ya Fortran (lugha ya kompyuta) iliyokataa kukompaili, na michoro ambayo msimamizi anataka uirudie kwa rangi nyingine.

Mwambie mjomba milinganyo haiulizi kama maji yana chumvi. Maji ni maji.

#4 MzeeWaSahani (Jinja)

Binti, maji si maji.

Nimefanya kazi kwenye ziwa hili tangu nywele zikiwa nyeusi. Kwanza, modeli ya Fasham ilikuwa na vyumba saba: kulikuwa na bakteria, nitrati, amonia na naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake. Pili, ninyi wa bahari mnabeba uwiano wa Redfield, kaboni 106 kwa naitrojeni 16 kwa fosforasi 1, mnauweka kila mahali. Kwetu haukai. Hapa sehemu kubwa ya naitrojeni inaingia kwa mwani wa bluu-kijani unaoikamata kutoka hewani, na fosforasi nyingi inashuka na vumbi, moshi na mvua, mbali na ile ya mito. Hata maji yenyewe, kama asilimia 80 ya yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ukileta modeli ya bahari ukaiegemeza kwenye mdomo wa mto Kagera peke yake, umemfunga ng'ombe tandiko la punda.

Tatu, joto. Huku juu maji yana nyuzi 26, chini 24, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyatenga matabaka, kwa sababu maji yakishakuwa ya moto nyuzi moja inabadilisha uzito wake zaidi kuliko kwenye maji baridi ya kwenu. Kisha unakuja upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, na ziwa linajichanganya. Anayetaka kuigiza hayo aje akae hapa ayaone.

#5 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Nikae hapo nile nini, Mzee? Ndilo swali la uzi.

#6 BodaMwenyeDigrii (Wandegeya)

😂😂 Mzee kapigwa ya uso.

#7 Kilemba_Buluu (Entebbe)

Sababu ni data, tusizunguke. Modeli bila vipimo ni mchoro mzuri wa ukutani. Ziwa Viktoria lilipimwa vizuri na mtafiti Talling 1960 na 1961, akiwa kwenye taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Jinja iliyoanzishwa 1947. Halafu kukawa na pengo refu. Watafiti akina Hecky walipokuja kupima tena mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 walikuta ziwa jingine: mwani umeongezeka mara kadhaa, silika imeshuka mno, maji ya chini yanakosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi kila mwaka. Katikati hapo sangara alilipuka, wale furu wadogo wakatoweka kwa wingi. Sasa unataka kuijaribu modeli yako kwenye kile kipindi hasa cha mabadiliko. Utailinganisha na nini?

Na tusidhani zamani hatukuwa kitu. Ziwa George lilichunguzwa kuanzia 1966 hadi 1972 chini ya mpango wa kimataifa wa biolojia, mpaka likawa mfano wa ziwa la tropiki ulimwengu mzima. Kina chake ni kama mita mbili na nusu tu. Nani leo analipima kwa namna ile?

#8 Mchuuzi_wa_Masese (Jinja)

Mimi nauza samaki, sijui Fortran. Nina swali moja. Mwisho wa 2020 kuingia Januari 2021 sangara walikufa ziwani, wakubwa wakubwa, wanaelea tumbo juu mpaka ufukweni. Wateja wakakimbia hata samaki wazima, wakisema ziwa limewekwa sumu. Hao watu wa modeli walikuwa wapi?

#9 Kagera2 (Bukoba, niko Kampala kimasomo)

Shikamoo mama. Wizara ilisema ni upungufu wa oksijeni, dhoruba zilivuruga maji. Ziwa Kyoga nako walikufa.

#10 Semuto_Boy (Luweero)

Mimi siamini. Kwa nini sangara peke yake? Kama hewa imekwisha, imekwisha kwa wote. Hapo kuna mtu alimwaga kitu.

#11 MzeeWaSahani (Jinja)

Semuto, sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko sato, na aliye mkubwa ndiye anayetangulia kuumia. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipandishwa na dhoruba, yeye anaanguka na sato anavumilia. Hilo halihitaji sumu.

Lakini swali la mama ni la haki. Kusema "oksijeni" baada ya samaki kuelea ni rahisi. Kusema wiki moja kabla, "mwambao huu usipeleke nyavu, matabaka yatageuka", hapo ndipo unahitaji modeli inayoendeshwa kila siku, ikilishwa upepo wa siku hiyo na vipimo vya oksijeni vya siku hiyo.

#12 Semuto_Boy (Luweero)

Bado nasema kuna mtu alimwaga kitu.

#13 Mhasibu_wa_Mawingu (Kampala)

Turudi kwenye mada. Mimi ni mfano wa #1. Nilisoma fizikia, nikaenda Trieste kwenye stashahada ya fizikia ya mfumo wa dunia ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, nikarudi na moto wote. Sasa niko benki, natengeneza modeli za hatari ya mikopo. Milinganyo inafanana kuliko mnavyofikiri, ila hapa mshahara unaingia tarehe ileile kila mwezi.

Sababu yangu si data. Ni kwamba matangazo ya kazi niliyokuwa nayaona yalitaka mtu wa biolojia ya samaki, mtu wa jamii, au mhandisi wa maji. Aliyesoma hisabati za ziwa hakutajwa popote. Unaomba kama mwanabiolojia, kwenye usaili wanakuuliza utambue spishi kwa kuiona. Nilionyeshwa chupa ya samaki wa spiriti. Nikasema huyu ni samaki.

#14 BodaMwenyeDigrii (Wandegeya)

"Huyu ni samaki." Banange, mpeni huyu kazi 😂

#15 Dada_wa_Hoima (Hoima)

Kazi zipo, ila haziitwi hivyo. Niko kampuni ya ushauri wa mazingira. Mafuta ya Ziwa Albert yalipoanza kunukia, kila mradi ukahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake wanataka kujua mafuta yakimwagika yatakwenda wapi, kwa upepo gani, yafike ufukwe upi kwa saa ngapi. Hiyo ni modeli ya mikondo ya maji. Ukijua na upande wa kemia na viumbe, wanakupenda zaidi. Malipo yanazidi ya chuo kwa mbali.

Ubaya wake: ripoti ni ya mteja. Unajenga kitu kizuri, kinafungiwa kabatini, huwezi kukiandikia makala, na mradi ukiisha unaanza upya na ziwa lilelile.

#16 Otieno_Majini (Kisumu, naingia Kampala mara kwa mara)

Mnasahau sababu kubwa: pesa ya sayansi inafuata kaboni. Bahari inanyonya karibu nusu ya kaboni dioksidi tunayotoa, ndiyo maana serikali tajiri zinalipia modeli za bahari. Ziwa letu haliingii kwenye hesabu yao.

#17 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Ni kama robo, si nusu. Nusu ni ukijumlisha na misitu na udongo. Ila hoja yako imesimama. Modeli kubwa za tabianchi nyingi hata haziweki ziwa likiwa na maisha yake. Linaonekana kama kiraka cha maji tu, na wakati mwingine halionekani kabisa.

#18 FundiWaNode (Ntinda)

Mimi naona ni kompyuta. Bila kompyuta kubwa hufanyi fani hii, na umeme wenyewe ndio huu wa kuja na kwenda.

#19 Mhasibu_wa_Mawingu (Kampala)

FundiWaNode, piga hesabu kabla ya kulaumu umeme. Dunia nzima kwa visanduku vya robo digrii, modeli ya bahari ya NEMO ina takriban visanduku milioni 110. Hapo sawa, tafuta kompyuta kubwa. Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba 68,800. Weka visanduku vya kilomita mbili kwa mbili unapata 17,200 kwa juu. Weka tabaka 40 kwenda chini, hata kabla hujatoa sehemu zenye kina kifupi, ni 688,000. Kompyuta moja nzuri ya mezani inatosha kuanzia. Na ukitaka safu moja tu ya maji, kutoka juu hadi tope, programu za GOTM au GLM zinakimbia kwenye laptopu yako hiyo, na ni za bure.

#20 FundiWaNode (Ntinda)

GOTM naipakua usiku huu. Ikigoma nitakutafuta.

#21 Semuto_Boy (Luweero)

Ila ziwa ni letu, kwa nini tusubiri wazungu watuwekee kwenye modeli zao?

#22 Kagera2 (Bukoba, niko Kampala kimasomo)

"Letu" la nani, mkuu? Takriban nusu iko Tanzania, Kenya wana asilimia 6, ninyi mnachukua iliyobaki. Tukiweka ukuta hapo katikati hata huo mchanganyiko wa kusi hamuupati 😄

#23 Otieno_Majini (Kisumu)

Asilimia 6 yetu ina magugumaji ya kuwatosha nyote, karibuni mchukue.

#24 MzeeWaSahani (Jinja)

Naongeza sababu ambayo hamjaitaja. Modeli moja tu ya ziwa hili ina wateja wenye pesa: ya kimo cha maji. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo rekodi ya 1964. Mwezi mmoja kabla yake kisiwa kinachoelea kilikuja kuziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, nchi ikakaa gizani. Siku hizo kila mkubwa alitaka kujua maji yataongezeka kiasi gani. Mtu wa kimo cha maji ana ajira kwa sababu umeme unauzwa. Mtu wa oksijeni anamhudumia sangara, na sangara hana wizara inayomlipia bili.

#25 Kilemba_Buluu (Entebbe)

Na maji ya kunywa je? Mtambo wa maji wa Kampala ulioko Ggaba unavuta maji kutoka Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wote wa mji. Mimi hukusanya sampuli upande ule. Unachuja maji kwenye karatasi nyeupe ili upime klorofili, rangi ya kijani ya mwani. Ukitoka katikati ya ziwa, lita nzima inapita. Ghubani karatasi inaziba, kijani kibichi, kabla hujafika nusu lita, na pampu ya mkono inaanza kukuumiza kiganja. Maji hayo yanasafishwa kwa dawa nyingi zaidi, na dawa ni pesa. Mtambo mpya ukapelekwa Katosi, mbali na ghuba. Modeli inayotabiri mlipuko wa mwani ina mteja hapo, kama atatokea mtu wa kuiuza.

#26 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Sasa nijibu kwa nini niko Atlantiki, maana Mzee ananitazama vibaya tangu #4.

Maboya ya Argo yako karibu 4,000 baharini. Kila siku kumi boya linazama hadi mita 2,000, linapanda likipima, linatuma kwa setilaiti. Mengine yana vihisi vya oksijeni, nitrati, asidi, klorofili. Napakua data kitandani, simwombi mtu.

Nilitaka sura moja ya tasnifu yangu iwe ya Ziwa Viktoria. Nikaandika barua ofisi moja, nikaambiwa ilete kwa mkono. Ikapelekwa na mdogo wangu. Ikakosa muhuri. Ikarudi na muhuri, aliyetakiwa kusaini yuko semina. Mkataba wangu una tarehe ya mwisho, msimamizi akasema achana nayo. Siyo kwamba siipendi Masaka.

#27 MzeeWaSahani (Jinja)

Hiyo barua naijua, hata mimi nimewahi kuizuia ya mtu.

Nikueleze upande wa pili. Walikuja watu na mashine nzuri. Tuliwapeleka ziwani usiku, tukawasomea sahani ya Secchi ya kupimia uwazi wa maji, tukawashikia chupa kwenye mawimbi, kijana wetu mmoja nusura azame. Wakaondoka na madaftari. Makala ilipotoka, sisi tuliwekwa mwishoni kwenye shukrani, tena jina langu likakosewa. Mradi mwingine uliacha vihisi majini, betri zikafa, na kompyuta ya kuhifadhi data ilikuwa kwao huko. Fedha zilipoisha wakaizima, nasi hatukuwa na nakala. Baada ya hapo unategemea nimkabidhi nani daftari?

#28 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Lakini mimi si wao, Mzee.

#29 MzeeWaSahani (Jinja)

Barua yako inakuja na nembo yao.

#30 Dada_wa_Hoima (Hoima)

Hapo nyote mna haki na ziwa bado halina modeli.

#31 Kagera2 (Bukoba, niko Kampala kimasomo)

Setilaiti je? Klorofili inaonekana kutoka juu. Kihisi cha MODIS kwenye setilaiti ya Aqua kina data tangu 2002, setilaiti ya Sentinel-3 inaona kwa mita 300. Hazihitaji muhuri wa mtu.

#32 Kilemba_Buluu (Entebbe)

Zinaona ngozi ya juu tu, na mawingu yakikaa huoni hata hiyo. Halafu kanuni nyingi za kugeuza rangi kuwa klorofili zilitengenezwa kwa bahari safi. Kwenye maji yetu yenye tope ghubani zinadanganya, tope linahesabiwa kuwa mwani. Lazima mtu apande mtumbwi akalinganishe. Na oksijeni ya chini hakuna setilaiti inayoiona.

#33 KijanaWaKyebando (Kampala)

Asanteni sana nyote. Nimesoma kila post, na mjomba nimemsomea #24 na #25. Amesema huyo mzee wa Jinja ana akili, mimi bado anasubiri kuona.

Swali dogo: nichague tasnifu ya bahari ili nimalize salama, au niwashawishi wanipe ziwa? Msimamizi ni mtu wa modeli iitwayo ERSEM, Bahari ya Kaskazini.

#34 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Bahari. ERSEM ilizaliwa Bahari ya Kaskazini, ifahamu ikiwa nyumbani kwake kwanza. Uzamili ni mfupi, jifunze ufundi pale penye data. Ziwa lifuate kwenye uzamivu.

#35 Mhasibu_wa_Mawingu (Kampala)

Napinga. Hivyohivyo ndivyo tulivyoambiwa. "Baadaye" inakuja na mke, kodi ya nyumba na benki. Omba ziwa sasa, hata safu moja ya maji tu, ghuba moja. Na ukipita AIMS Kigali, taasisi ya hisabati, kuna watu wa hisabati ambao wangependa tatizo kama hilo.

#36 MzeeWaSahani (Jinja)

Ukichagua ziwa njoo Jinja kabla hujasafiri. Usilete barua, njoo mwenyewe na daftari tupu. Utanakili kwa mkono hapa mezani, na kila ukurasa utaandika aliyepima. Vipimo vya oksijeni vya Ghuba ya Napoleon ninavyo vya miaka mingi.

#37 NusuDaktari (Brest, Ufaransa)

Mzee!! Mimi hujaniambia hivyo.

#38 MzeeWaSahani (Jinja)

Hukuja.

#39 Mchuuzi_wa_Masese (Jinja)

Akija apite kwangu kwanza, wageni wa Mzee hula kwangu kwa mkopo. Na swali langu la #8 bado: nani ataniambia kabla?

#40 Semuto_Boy (Luweero)

Mama, mchunguzeni aliyemwaga.

#41 FundiWaNode (Ntinda)

Samahani kuingilia. Mhasibu, GOTM imegoma. Inasema haioni NetCDF, maktaba ya kusomea faili za data, na nimeshaisakinisha mara mbili.

#42 Mhasibu_wa_Mawingu (Kampala)

Umesakinisha ya C peke yake. Ya Fortran ni kifurushi tofauti, na lazima ijengwe kwa kompaila ileile unayoitumia kwa GOTM. Andika nf-config uone inajibu nini.

#43 FundiWaNode (Ntinda)

Inasema haijulikani.

#44 Mhasibu_wa_Mawingu (Kampala)

Basi ndiyo hiyo. Weka hapa maandishi ya kosa yote, usikate mistari ya juu.